Kujifunza Kuusoma Ukimya wa Skana ya Redio

Skana ya redio ya nyumbani, yaani redio inayopita chaneli moja baada ya nyingine na kusimama inapomkuta mtu anayezungumza, hukaa kimya kwa sehemu kubwa ya siku, na mtu anayeinunua akidhani atapata mazungumzo mfululizo kama ya stesheni ya muziki huenda akairudisha dukani kabla wiki haijaisha. Ninaishi Wichita, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, na skana yangu ni ya mezani, ya analogi, ya bei ya kawaida, yenye nobu mbili, safu za vitufe na kioo kidogo chenye mwanga wa rangi ya chungwa. Kwa muda niliokaa nayo nimeona kwamba ugumu wa chombo hiki hauko katika kujua kitufe gani hufanya nini, kwa sababu hayo yamo kwenye kijitabu cha maelezo. Ugumu uko katika kujua ni kwa nini kimenyamaza. Sababu za kunyamaza ni nyingi, masikioni zote ni sawa, na ni kioo peke yake kinachoweza kukuambia iliyopo ni ipi.

Niliinunua kwa ajili ya hali ya hewa. Mtu aliyekulia Morogoro anazijua mvua za masika na radi za Uluguru, lakini tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli kutoka wingu hadi ardhini, ni jambo jingine. Tarehe 29 Aprili 2022 tornado ya daraja la EF3, kwenye kipimo kinachoishia 5, ilipiga Andover, mji unaopakana na Wichita upande wa mashariki, ikabomoa nyumba nyingi bila kumuua mkazi yeyote, kwa kuwa watu walipata onyo mapema wakaingia kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Wenyeji wenye umri mkubwa wakikusimulia habari za mji huo huo hawaanzii hapo. Wanaanzia tarehe 26 Aprili 1991, ambapo tornado ya daraja la F5 iliua watu 17 kwenye njia yake, na king'ora cha Andover hakikulia. Ndiyo maana hapa hutawaona watu wakitegemea king'ora pekee, na ndiyo maana nyumba nyingi zina redio ya aina fulani inayopokea matangazo ya idara ya taifa ya hali ya hewa. Matangazo hayo hutoka nchi nzima kwenye masafa saba tu, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, na skana yoyote inayouzwa Marekani siku hizi kwa kawaida huwa na kitufe chake maalumu cha WX.

Nobu ya kwanza ni ya sauti na haina fumbo. Ya pili ni ya skwelchi, na hiyo ndiyo inayoamua kama mengine yote yatafanya kazi. Hewani kuna mvumo wakati wote, hata pale ambapo hakuna anayezungumza, na skwelchi ni bawabu anayeifunga spika mpaka ije ishara yenye nguvu ya kuushinda mvumo huo. Ukiizungusha nobu kushoto kabisa, mvumo unatoka. Ukiirudisha kulia polepole, unafika mahali unakatika ghafla, na hapo ndipo pa kuiacha, au kama ni kuongeza, iwe kiasi kidogo mno. Kila kijitabu kinasema hivyo, ila sijaona kinachosisitiza vya kutosha kwamba mahali penyewe hapadumu. Taa za LED za jikoni zikiwashwa, au chaja ya bei rahisi ikichomekwa kwenye soketi ya jirani, mvumo hupanda, na skana iliyokuwa imetulia tangu asubuhi huanza kukwamakwama.

Hapa kioo husaidia kwa namna mbili. Skwelchi ikiwa wazi, nambari za chaneli hazikimbii, kwa sababu skana hudhani imekwisha kumpata mtu na kusimama pale pale ilipo huku ikitoa mvumo. Skwelchi ikibanwa mno, nambari hukimbia vizuri sana bila kukwama popote, na hali hiyo ndiyo inayodanganya, kwa kuwa haitofautiani hata kidogo na saa ya kawaida ambapo hakuna anayezungumza. Njia ninayoitumia kuzitenganisha hali hizo mbili ni kubonyeza WX. Idara ya hali ya hewa hutangaza saa 24 bila kupumzika, kwa hiyo chaneli yake haina haki ya kuwa kimya. Ikisikika vizuri, najua redio ni nzima, antena imeshika, na ukimya wa chaneli nyingine huenda ni ukimya wa kweli. Isiposikika, basi kasoro iko ndani ya nyumba yangu, na huanza kuitafuta kwenye nobu kabla ya kwenda kwenye waya.

Kitufe hicho hicho cha WX kina ukimya wake wa pili, na huu ni wa makusudi. Unaweza kuiweka redio katika hali ya kusubiri onyo, ambapo spika hufungwa hata kama tangazo linaendelea, mpaka kituo kirushe mlio wa onyo wa hezi 1050. Mlio huo ukifika, spika hufunguka kwa kelele ya kumwamsha aliyelala fofofo. Kwenye kioo kinachoonekana wakati wa kusubiri ni alama ya WX tu na masafa yaliyosimama, wala hakuna nambari zinazokimbia, na mgeni akiitazama atasema redio imeganda. Katika hali hiyo skana yangu haisikilizi kitu kingine chochote, wala ndege, wala treni. Ili kuhakikisha kwamba inasubiri kweli, kuna jaribio la kila wiki ambalo vituo hulifanya mchana, kwa kawaida siku ya Jumatano, na mlio wake ukinikosa siku hiyo hali ya hewa ikiwa shwari, huichunguza redio jioni ile ile.

Sehemu ya kioo ambayo macho ya mtu mpya huiruka ni ile safu ya tarakimu ndogo chini kabisa, 1 hadi 9 na kisha 0. Hizo ni benki, yaani mafungu ambamo chaneli zimehifadhiwa. Benki inayosikilizwa kwa wakati huo humetameta, zilizowashwa hukaa tu, na zilizozimwa hazionekani kabisa. Ukiwa unaskani, kubonyeza tarakimu mara moja huizima au kuiwasha benki yake, na hakuna mlio mkubwa wala swali la "una uhakika?" kabla ya kufanya hivyo. Benki yangu ya 3 nimeitengea mawasiliano ya SKYWARN, wale waangalizi wa kujitolea wanaokaa kwenye magari yao kando ya barabara za mashambani wakitazama mawingu na kutoa taarifa kupitia ripita za redio za ridhaa, yaani mitambo ya minarani inayopokea sauti na kuirusha upya, kati ya megahezi 144 na 148. Jioni moja ya mwezi wa Mei mbingu ilikuwa imegeuka kijani, rangi ambayo watu wa hapa hawaipendi, na mke wangu akaniuliza, "Baba Asha, mbona hiyo redio yako imenyamaza leo, imekufa?" Nambari zilikuwa zikikimbia kama kawaida. WX ilisikika bila tatizo. Nikatazama safu ya chini: 1, 2, kisha nafasi tupu, kisha 4. Mtoto alikuwa amepita hapo. Niliibonyeza 3, na kabla sijaondoa kidole akasikika mwangalizi akitaja makutano ya barabara na kusema anaona wingu la ukuta, lile linaloning'inia chini ya dhoruba na kuweza kuzaa tornado, ila lisilozunguka. "Haikufa, Mama Asha," nikamwambia, "imefungwa mlango mmoja tu."

Kitufe cha L/O hufanya kazi iliyo karibu na hiyo, ila kwa chaneli moja moja. Kuna chaneli zinazosumbua, hasa zile zinazorusha data badala ya sauti, na ukizifunga kwa L/O skana huziruka. Tofauti yake na benki ni kwamba chaneli iliyofungwa haiachi alama yoyote wakati wa kuskani, kwa vile haionekani kamwe, na alama ya L/O utaiona pale tu utakapoifuata chaneli hiyo mwenyewe kwa kubonyeza HOLD na kupanda nambari moja moja. Mara kwa mara, hasa kabla ya msimu wa dhoruba, huzipitia zote kwa HOLD. Ni kazi ya kuchosha, lakini kila nikiifanya hukuta chaneli niliyoifunga kwa hasira ya usiku mmoja nikaisahau.

HOLD yenyewe huisimamisha redio kwenye chaneli moja, na ukimya wake unatambulika kwa urahisi: neno HOLD lipo, nambari imetulia, vijiti vya nguvu ya mawimbi havipo. Vijiti hivyo ndivyo vilivyonifundisha mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye kioo, kwa sababu husema jambo ambalo spika inaweza kulificha, yaani kama kuna mawimbi yanayofika au hayafiki. Kunapokuwa na vijiti bila sauti, ishara ipo hewani lakini haibebi maneno, au inayabeba na redio inayazuia.

Kwangu hali hiyo imekuwa na sababu tatu. Ya kwanza ni mkia wa ripita: mtu amekwisha kuzungumza, lakini mtambo wa juu ya mnara unaendelea kurusha kwa sekunde moja au mbili kabla ya kujifunga, na skana hungoja pamoja nao. Hilo ni la kawaida na halihitaji kuguswa. Ya pili ni ishara inayozaliwa ndani ya redio yenyewe, kutokana na saketi zake, ambayo hutokea daima kwenye masafa yale yale na vijiti vyake havipandi wala kushuka. Ukichomoa antena na vijiti vikabaki, basi unajua havikuja kutoka nje, na hapo L/O ndiyo dawa. Ya tatu ni msimbo wa toni. Watumiaji wengi wa masafa ya pamoja huambatanisha na sauti yao toni ya chini sana, mahali fulani kati ya hezi 67.0 na 254.1, ambayo sikio kwa kawaida haliisikii lakini redio huitumia kama ufunguo. Ukiiambia skana isubiri toni ya 156.7 na wenyewe wakahamia toni nyingine, vijiti vitapanda hadi juu na spika haitatoa hata neno moja. Siku hizi chaneli mpya huihifadhi bila toni kwanza, nisikilize kila kinachopita humo, halafu ndipo niongeze toni ikiwa kuna wageni wanaoingilia.

Kuna pia chaneli inayosikika lakini kwa sauti ya chini mno, kana kwamba mzungumzaji yuko chumba cha pili. Hilo nililielewa nilipoacha kulitazama kama jambo la nobu ya sauti na kuziangalia herufi ndogo zilizo pembeni ya masafa: AM, FM au NFM, yaani FM nyembamba. Tangu tarehe 1 Januari 2013 sheria ya Marekani imewataka watumiaji wengi wa redio za kazini, katika masafa ya megahezi 150 hadi 174 na 421 hadi 470, watumie upana wa kilohezi 12.5 badala ya 25. Ukiisikiliza ishara nyembamba kwa FM ya kawaida, sauti hutoka dhaifu. Bonyeza kitufe cha kubadili aina ya upokeaji hadi kioo kiandike NFM, na yule mtu wa chumba cha pili atakuja mezani.

AM ni ya ndege, kati ya megahezi 118 na 137, na Wichita ni mahali pazuri pa kuisikiliza, kwa kuwa ni mji wa viwanda vya ndege tangu miaka ya 1920 na una kambi ya jeshi la anga ya McConnell. Usafiri wa anga umebaki na AM ingawa FM ina sauti safi zaidi, na moja ya faida zake ni kwamba marubani wawili wakizungumza kwa pamoja mwongozaji husikia mlio mkali wa mgongano, wakati FM ingeimeza sauti dhaifu ikabaki ile yenye nguvu peke yake, na hakuna ambaye angejua kwamba mtu mwingine alikuwa akiita. Bendi hii ina ukimya wa namna yake, ambao ni wa upande mmoja. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Rubani aliye juu kilomita 10 hewani ninamsikia vizuri, ilhali kituo cha ardhini kinachomwongoza, kilicho nyuma ya upeo wa macho, hakinifikii. Hivyo mtu husikia majibu bila maswali. Hapo hakuna nobu ya kuzungusha, na vijiti vitakavyopanda na kushuka pamoja na kila ndege vinatosha kukuonyesha kwamba redio inafanya inavyopaswa.

Reli ndizo nilizokuja kuzipenda bila kutarajia. Kampuni za BNSF na Union Pacific zote zina njia zinazopita hapa, na mawasiliano yao yako kati ya megahezi 160.215 na 161.565. Kando ya reli kuna vigunduzi vinavyopima joto la bearingi za magurudumu wakati treni inapita, na baada ya behewa la mwisho sauti ya mashine hutamka redioni jina la reli, nambari ya maili, kama kuna hitilafu au hakuna, na jumla ya ekseli. Kwa kuwa sauti hiyo haibadiliki kamwe, ndiyo ninayoitumia kupima mambo mengine: nikisogeza antena, au nikibadilisha waya, husubiri kigunduzi kile kile na kuhesabu vijiti. Kwenye megahezi 457.9375 kuna kifaa cha mkiani mwa treni kinachotuma data kwa mlio mfupi kama wa nyenje, hakina maneno, lakini kikilia na vijiti vikasimama wima ninajua treni iko karibu na kivuko cha barabara na kwamba nisubiri kidogo kabla ya kutoka na gari.

Antena ya kuvuta iliyokuja na skana ina urefu unaoweza kurekebishwa, na watu wengi huivuta yote na kuiacha. Kanuni ninayoifuata ni kugawanya 75 kwa masafa ya megahezi ili kupata urefu kwa mita. Kwa hali ya hewa, 162, inatoka sentimita 46 hivi. Kwa ndege, 125, ni sentimita 60. Kwa kile kifaa cha treni ni kama 16 tu. Tofauti huonekana kwenye vijiti kabla haijasikika kwenye spika. Kuna pia kitufe cha ATT, ambacho hupunguza nguvu ya kila kinachoingia, na ni cha manufaa kwa wanaokaa karibu na minara mikubwa ambayo huizidi redio nguvu. Mimi siishi karibu na mnara, kwa hiyo alama ya ATT ikionekana kwenye kioo changu, maana yake ni kwamba imewashwa na mtu asiye na habari, na chaneli zote dhaifu zimepotea.

Alama ya P ya kipaumbele inahitaji maelezo machache, kwa sababu matokeo yake hufanana na ubovu. Chaneli ukiipa kipaumbele, redio huirudia kila baada ya sekunde mbili hivi, hata ukiwa katikati ya mazungumzo mengine, na kila inaporudia sauti hukatika kwa muda mfupi sana. Ukisikia maneno yamekatwakatwa kwa vipindi vilivyo sawa, itafute P kwanza.

Redio pia hukataa. Ukiingiza masafa ya megahezi 870, kwa mfano, kioo huandika Error, na hilo si hitilafu. Tangu 1994 skana zinazotengenezwa kwa soko la Marekani zimezuiwa kupokea masafa ya zamani ya simu za mkononi, 824 hadi 849 na 869 hadi 894, kwa kuwa sheria inakataza kusikiliza simu za watu. Masafa yasiyolingana na hatua za redio hayakataliwi ila husogezwa: ukiandika tarakimu zenye kosa dogo, kioo kitakuonyesha masafa ya jirani, kwa hiyo inafaa kusoma kilichohifadhiwa na wala si kile ulichokusudia.

Ukimya uliobaki ni ule ambao skana ya analogi haiwezi kuuondoa. Idara nyingi za polisi na zimamoto katika miji mikubwa ya Marekani zimehamia mifumo ya kidijitali ya P25, ambapo mazungumzo hurukaruka kati ya masafa mengi kwa kuongozwa na kompyuta, na nyingine zimeyafunga kwa msimbo wa siri. Kwenye redio yangu mfumo huo hutoa vijiti vilivyojaa na ngurumo ya data isiyo na maana. Rafiki yangu mmoja, mzee wa Kitanga aliyestaafu ufundi wa ndege, anayo skana ya kidijitali, na nilipomwamkia na kuomba kuitazama aliniachia niichezee mchana kutwa. Kioo chake ni kingine kabisa: masafa yamesogezwa pembeni kwa herufi ndogo, na mahali pake pana jina la kundi linalozungumza na nambari ya redio iliyoshikwa na mzungumzaji, na kundi likiwa limefungwa kwa msimbo huandikwa ENC na redio huendelea na safari yake bila kukusumbua. Bei yake ni mara kadhaa ya yangu. Wilaya za mashambani zinazotuzunguka bado zina vikosi vya zimamoto vinavyotumia VHF ya analogi, na hivyo ndivyo nilivyovijaza kwenye benki ya 7, ambayo kwa sasa inanitosha.